Mkate wa Chumba cha Nyuma

Siku mbili kabla ya sikukuu, Redio aliketi kitandani katika chumba cha nyuma akichana mkate. Kisu hakukitumia. Mkate wa kujazia kuku huchanwa kwa vidole, vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kingo zake ziwe za ovyo ovyo, kwa sababu siagi hupenda kushika mahali palipochanika. Alivitandaza vipande kwenye sinia tatu, moja kitandani, moja mezani, moja juu ya sanduku la nguo. Kisha akafunga mdomo.

Kufunga mdomo ndiko kulikokuwa kazi. Mengine yote ni upishi tu.

Mkate wa leo ni kiziwi, na kila mwenye jiko analijua hilo. Unaweza kumsengenya nani sijui mbele ya mkate uliotoka tanurini asubuhi na usipatwe na lolote. Ila ukianza kukauka, masikio yake hufunguka, na kadiri unavyokuwa mgumu ndivyo unavyosikia zaidi. Uliyoyasikia hukaa humo humo, uloweke kwa supu, uoke, ufanye utakavyo, mpaka ufike kinywani mwa mtu. Hapo hutoka kama yalivyoingia, kwa sauti ya aliyeyasema. Ndiyo maana mkate unaokauka hufunikwa kitambaa kizito, na asiyejua hudhani ni kwa ajili ya nzi. Jirani yao, mshona nguo, mwaka mmoja alisahau kufunika, na mkate wake ukakauka huku akigombana na mwenye nyumba kuhusu bomba la choo. Siku ya sikukuu wageni wake walikula huku wakitukanana kuhusu choo, wakapakua mara ya pili, wakashukuru, wakaenda zao.

Mjazo wa Redio haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa na vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi mpaka vikapata rangi ya asali, rozmari, mrehani, kotimiri, firigisi iliyokatwa ndogo ndogo, mayai, pilipili manga, na kimya. Baba mkwe alikuwa akisema ndicho chakula pekee anachoweza kukila huku akiwaza mambo yake.

Siri ya kimya kile ilikuwa chumba. Zamani Redio alikaa na mumewe chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama mtaani, na jina lake alilipatia kwenye dirisha hilo. Asubuhi akishaweka viwiko kwenye ukingo, mtaa ulikuwa umefunguliwa. Nani kaposwa, nani kanuniana na nani, kwa nini fundi baiskeli kanyoa ndevu ghafla, na ndevu zenyewe zilikuwa zinaficha nini. Mumewe alikuwa akimwambia, "Redio, punguza, betri zitaisha," naye anaongeza. Mume alipofariki, mama mkwe alimhamishia nyuma, kwenye dirisha linalotazama ukuta, apumzike mbali na kelele mpaka huzuni ipungue. Baada ya sikukuu, alisema, utarudi mbele. Sikukuu zikaja zikapita. Huzuni nayo ikapungua, kama inavyopungua kwa watu wote, pole pole na bila kuaga. Chumba cha mbele kikajaa makochi ya mke wa shemeji mkubwa, ambayo yalikuwa bado kwenye nailoni zake yakisubiri wageni wa heshima. Mgeni wa heshima wa kiasi kile hakuwahi kutokea.

Redio hakuwa mtu wa kununa. Lakini mwaka huo dirisha lile lilimkaa rohoni, akalitamani kama mtu anavyotamani chai asubuhi. Alimfuata mama mkwe jikoni, akamwuliza. Mama mkwe akamshika shavu, akamwambia baada ya sikukuu, mwanangu, mimi nimekuahidi.

Mchana ikanyesha mvua, na paa la chumba cha nyuma likavuja, tena likachagua pa kuvujia, juu ya sinia ya kitandani. Redio akazibeba sinia zote akazipeleka sebuleni, akazipanga juu ya kabati, akazifunika kitambaa cha meza kilichokunjwa mara mbili, akatoka kwenda sokoni kutafuta rozmari. Alikaa sana huko, kwa kuwa muuza viungo alikuwa na habari. Nyuma yake, mama mkwe akakumbuka kwamba kitambaa kile ndicho cha kutandikia meza ya sikukuu na bado hakijapigwa pasi. Akakichukua, akafunika mkate gazeti. Gazeti halizuii maneno. Sebuleni mlikuwa na mama mkwe, shemeji mkubwa na mkewe, na watu watatu wa nyumba moja wakikaa pamoja hawaangaliani tu.

Redio aliporudi aliukuta mkate umekauka vizuri, ukigongwa unalia. Akakaanga vitunguu, akatia majani, nyumba nzima ikanukia mpaka mshona nguo akaja kuomba chumvi ambayo hakuihitaji. Akamimina supu kidogo kidogo, akikoroga kwa mkono, mpaka vipande vikalegea bila kuwa uji. Akamjaza kuku tumboni na shingoni, akamshona kwa uzi mweupe.

Siku ya sikukuu kuku aliletwa mezani ngozi imekaza kama ngoma. Walikuwepo baba mkwe na mama mkwe, shemeji mkubwa na mkewe na watoto wao wawili, Redio, na mshona nguo, ambaye kualikwa kwake kulikuwa kumeshakuwa mazoea. Shemeji mkubwa alitoa hotuba yake ya kila mwaka kuhusu umoja wa familia. Baba mkwe akaanza kula, kwa kuwa ndiye mkubwa. Akatafuna, na kwa sauti ya mkewe akasema:

"Akirudi mbele, dirisha lile litamrudisha mtaani. Atapiga soga kutwa, na mkate nao utapiga soga. Kimya kile hatutakipata tena."

Akameza, akasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba rozmari imezidi kidogo.

Mtoto mdogo, kwa sauti nzito ya baba yake, akasema, "Wewe mwambie baada ya sikukuu. Kila mwaka anaambiwa hivyo na anaridhika." Kisha akaomba maji.

Mshona nguo, ambaye alikuja kula tu na hakuhusika na lolote, akajikuta akiuliza kwa sauti ya mke wa shemeji, "Na makochi yangu mnataka niyapeleke wapi? Kwa mama yangu?" Mke wa shemeji akatikisa kichwa kukubali, maana ilikuwa hoja nzuri.

Redio alikuwa ameshainua kijiko. Angeweza kukirudisha. Lakini mjazo ulikuwa wake na njaa ilikuwa yake, akala. Kinywani mwake mwenyewe ikatoka sauti ya mama mkwe, laini, ya mtu anayekunja nguo huku anaongea:

"Maskini, anadhani tulimpeleka nyuma kwa kumwonea huruma."

Alitafuna mpaka mwisho. Chumvi ilikuwa imekaa sawa.

Mama mkwe akaweka kijiko chini, akauliza nani alitoa kitambaa. Hapo ndipo meza ilipochangamka. Mke wa shemeji akasema si yeye, watoto wakasingiziana, baba mkwe akakumbusha kwamba yeye huwa hagusi vitambaa. Ilipobainika ni mama mkwe mwenyewe, alisema gazeti lilikuwa nene, na kwamba magazeti ya zamani yalikuwa yanafunika vizuri zaidi.

"Kwa hiyo chumba, mama," Redio akasema.

"Chumba kimefanyaje?"

"Sikukuu ndiyo hii."

"Sikukuu haijaisha, mwanangu. Kula kwanza."

Mshona nguo aliifikisha habari mtaani kabla vyombo havijaoshwa. Mtaa ukaijadili kwa kina, ukakubaliana kwamba Redio ameonewa, na kwamba mjazo hata hivyo ulikuwa mzuri. Hakuna aliyekwenda kumwambia mama mkwe neno. Wiki haikuisha, paa la chumba cha nyuma likazibwa. Shemeji mkubwa alipanda ngazi yeye mwenyewe, mtu ambaye hata balbu alikuwa akiitia watu.

Redio hakulia wala hakususa. Ila jambo moja lilimjia akiwa anasugua masufuria, nalo lilimfurahisha kuliko alivyotarajia. Miaka yote ile alidhani kimya chake ni huzuni, ugonjwa uliombakia tangu msibani, na alikuwa akiuheshimu kama mtu anavyomheshimu mgeni. Kumbe hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa kwa ajili ya mkate tu.

Sikukuu iliyofuata akachana mkate, akautandaza kwenye sinia zake tatu, akafunga mlango. Ulipoanza kukauka akavuta kigoda katikati, akakaa kama anayekaa barazani, akaanza na ndevu za fundi baiskeli. Kutoka hapo akahamia kwa muuza nyama aliyetafuta miwani yake siku nzima akiwa ameivaa, akatia chumvi kidogo kwa sababu hadithi bila chumvi haishuki. Mkate ni msikilizaji mzuri. Haukatizi, haujidai kwamba tayari unajua. Mama mkwe alipita mlangoni akauliza kama unakauka.

"Unakauka vizuri, mama," Redio akajibu, na hilo nalo likaingia.

Sinia ya juu ya sanduku aliipeleka pembeni, akaiinamia, akaiambia sentensi moja. Kisha akaifunika blanketi, akarudi kwenye zile mbili. Mkate wa sinia ile aliukoroga peke yake na kuujaza shingoni, kwa sababu mjazo wa shingoni, ule unaoiva mpaka kuwa na ukoko, ulikuwa fungu la mama mkwe tangu nyumba ile ijengwe.

Mezani hawakuenea. Mshona nguo alikuja na mumewe na dada yake, na dada yake akaja na mtoto. Baba mkwe alianza kisa cha muuza nyama kwa sauti ya Redio, shemeji mkubwa akaipokea hadithi na kijiko cha pili, watoto wakaimalizia kwa vicheko ambavyo pia vilikuwa vya Redio. Dada wa mshona nguo akasema, "Unakauka vizuri, mama," hakuna aliyejua kwa nini, wakacheka hivyo hivyo. Mume wa mshona nguo alilazimika kusimama ili apumue. Baba mkwe alisema chakula hiki hakimwachi mtu awaze mambo yake hata kidogo, akaongeza sahani.

Mama mkwe akatia mjazo wa shingoni mdomoni.

"Chumba cha mbele ni changu," akasema, kwa sauti ya Redio, iliyopazwa kama ya kuitia mtu upande wa pili wa barabara. "Nakitaka."

Wakamtazama Redio, naye Redio akamtazama mama mkwe kwa upole, kama mtu anavyotazamwa akisema la kweli.

"Umesema vizuri, mama," akamwambia.

Mama mkwe akameza. Akapangusa midomo, akasema kwa sauti yake kwamba mwaka huu mjazo umekolea, na makochi bado hayajapata pa kwenda. Akasogeza sahani aongezewe.

Redio akainuka, akachukua kijiko kikubwa, akampakulia wote uliobaki shingoni.