Udongo wa Kichuguu

Wifi yangu alianza na kioo. Kile kioo kikubwa chenye fremu ya mianzi, nilichokitundika mkabala na dirisha ili mwanga wa asubuhi urudi kwenye ukuta mwekundu. Alikivurumishia jiwe, vipande vikamwagika hadi chini ya makochi. Mimi nilikuwa jikoni nachuja chai. Nilipofika mlangoni, chujio bado mkononi, alikuwa ameshanyakua chungu changu cha matawi makavu, nacho akakibamiza sakafuni.

"Wifi! Una wazimu?"

Alinipiga kikumbo kilichonibana kwenye fremu ya mlango, akatoka kwenda uani.

Ngoja kwanza niwaeleze sebule yenyewe, maana bila kuijua mtaniona mkorofi tu. Na mkorofi ni mimi kweli, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini sebule ile ilikuwa jasho langu. Nilipoolewa niliikuta imepakwa rangi ya mafuta ya kijani, na juu ya televisheni maua ya plastiki yaliyojaa vumbi. Nikamwambia mume wangu siwezi kuzeeka humu. Yeye anafanya kazi kiwanda cha mbao, akaniletea pande la gogo na magome yake, tukalipiga msasa mpaka likawa meza. Nikatupa zulia la nailoni, nikatandika mkeka wa ukindu. Vitambaa vya makochi nikavichemsha na maganda ya vitunguu vikatoka na rangi ya kutu. Taa nikaivisha kibuyu kilichotobolewa matundu. Ukabaki ukuta.

Fundi alikwangua ile kijani, akasema kuupaka upya tutahitaji udongo unaonata, na kwa kunata hakuna kama wa kichuguu. Mchwa wameshausaga, sisi kazi yetu ni kuukanyaga na mchanga na majani makavu.

Kichuguu tulikuwa nacho, nyuma ya jiko, karibu na uzio. Mchwa walikihama zamani. Wifi hakuwepo. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, mshonaji, anakaa chumba cha uani tangu ndoa yake ilipovunjika, na wakati huo alikwenda kumuuguza shangazi yao. Kusema kweli nilishukuru hayupo, kwa sababu kichuguu kile alikilinda utadhani kaachiwa urithi. Siku moja nilitaka kuchomea takataka pale, akanifokea hadi majirani wakachungulia. Kuku wakiparua pale, mawe. Nikasema moyoni, wifi ni wifi hata awe malaika, lazima atafute pa kukutawalia.

Basi tukakichimba mpaka kikawa sawa na ardhi. Udongo niliukanyaga mwenyewe, sketi nimeifunga magotini, naimba. Pembeni ya kichuguu nililikuta jiwe la mtoni, jeusi, laini, nikaliosha na kuliweka katikati ya meza ya gogo. Likapendeza. Na ukuta ulipokauka ulitoa wekundu ambao hakuna duka linalouuza. Majirani walikuja kuupapasa. Hata mimi nilikuwa siwezi kupita bila kuugusa.

Asubuhi hiyo wifi alirudi. Mume wangu alikuwa kazini. Aliweka mkoba wake uani, akaja sebuleni kunisalimu, akaliona lile jiwe mezani. Ndilo alilokivurumishia kioo.

Sasa alikuwa anarudi, na mkononi ana sururu.

"Toka mbele yangu," alisema.

"Nitoke niende wapi? Hapa ni kwangu!"

"Nimesema toka!"

Alinisukuma kwa mpini, akaiinua sururu, akaishindilia ukutani. Bamba zima la udongo liliporomoka, vumbi likanijaa kinywani. Akapiga tena. Nawaambia, lile pigo la pili nililisikia mbavuni mwangu. Nikamrukia mgongoni, nikamkaba shingo. Akanirushia kiwiko nyuma, kikanipata mdomoni, nikaonja damu yangu. Sikumwachia. Tulizunguka hivyo, mimi nimemng'ang'ania kama kupe, yeye anapiga ukuta na mimi juu yake, mpaka mguu wake ukateleza kwenye vipande vya kioo tukaanguka wote wawili juu ya meza.

"Kijicho!" nilimpigia kelele. "Umeona kwangu kumependeza, roho inakuuma!"

Alinipa kibao cha kuona nyota. Nikamshika nywele, nikaugonga uso wake kwenye meza, pua yake ikafoka damu. Akanipata mkono kwa meno, akauma hadi nikalia. Sasa nilikuwa sioni sawasawa kwa hasira. Nilimlaza chali kwenye mkeka, nikamkalia kifuani, nikamkamata koo kwa mikono miwili.

"Sema umekosa! Sema!"

Niliminya. Nilitaka alisikie lile neno likimtoka kwa nguvu, kama nilivyolitoa jasho langu. Lakini wifi aliacha kupigana. Aligeuza shingo mikononi mwangu, akanyoosha mkono kwenye udongo ulioporomoka, akaanza kuuvuta kwake, kidogo kidogo, pamoja na vipande vya kioo vilivyomo. Vidole vilikuwa vinachanika na wala hajali.

Nikalegeza.

"Mwanangu yuko humu," alisema.

"Mwanao gani? Wewe huna mtoto."

"Nilikuwa naye. Mmempaka ukutani."

Nilibaki nimemkalia vilevile, mikono bado shingoni mwake. Nikadhani kweli kichwa kimemruka. Kisha akanisimulia, akiwa chini, damu ya pua ikimtiririkia sikioni, na kila alichosema kilikuwa na mahali pake.

Kabla sijaolewa, mume wake alimpiga teke la tumbo. Alikuja kwao usiku ule ule, amejishika kiuno. Mtoto alizaliwa mapema mno katika kile chumba cha uani, wa kiume, hakulia. Aliyempokea ni mama yao, marehemu mama mkwe wangu. Mdogo wake, yaani mume wangu, alikuwa safarini na malori ya mbao. Mama akamfunga mjukuu wake kwa kanga, akamzika ubavuni mwa kichuguu, kwa kuwa pale palikuwa juu na maji ya mvua hayatuami. Akamwekea jiwe. Kisha akamshika binti yake mabega: mdogo wako asijue kamwe. Akijua atakwenda kumuua yule mwanamume, na mimi nitakuwa nimepoteza wote. Mwambie mimba iliharibika, yakaishia hapo.

"Na mimi nikanyamaza," wifi alisema. "Mpaka leo."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe? Na mdomo wako huo?"

Nilikumbuka miguu yangu kwenye ule udongo. Nilikumbuka nyimbo nilizokuwa naimba. Nikainuka kutoka kifuani mwake, nikaenda kutapikia dirishani. Niliporudi niliiokota sururu.

Wifi alikinga kichwa kwa mikono. Alidhani zamu yake imefika, na sikumlaumu, kwani dakika chache nyuma ingekuwa kweli. Nilimpita. Nikaiinua nikaupiga ukuta pale ulipokuwa mzima bado, karibu na dirisha, palipokuwa panapata jua vizuri kuliko pote.

"Udongo upi ndio wa pale alipokuwa?" nilimuuliza.

"Nitajuaje? Mmeuchanganya."

"Basi tunautoa wote."

Akainuka akishikilia meza. Akaliona beseni la kufulia barazani, akalileta. Sikumwomba msamaha wakati ule. Ningefungua kinywa ningelia, na mimi nikianza kulia sifanyi kazi. Nilibomoa. Niliubomoa ukuta wangu kwa chuki ambayo sijawahi kumchukia nayo mtu, mpini ukanichuna viganja, mabamba yakaniangukia miguuni, na yeye alikuwa anajaza beseni kwa mikono, akitenga kioo kimoja kimoja, akipeleka nyuma ya jiko na kurudi. Kibuyu cha taa kilianguka kikapasuka, hakuna aliyegeuka. Sehemu ya juu nilipanda juu ya meza ya gogo. Tofali zilijitokeza, chafu, na alama za kijani ambazo fundi hakuzifikia.

Mume wangu alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mke wake mdomo umevimba, dada yake pua imeganda damu na shingo ina alama za vidole. Sebule nzima imekuwa machimbo.

"Nani kaingia humu?" alifoka. Mkono wake tayari ulikuwa umekamata ubao uliokuwa nyuma ya mlango. "Nani kawapiga? Semeni!"

"Tumepigana wenyewe," nilisema. "Tumeshamaliza. Chukua beseni."

"Nichukue nini? Mnabomoa nyumba! Dada, kuna nini?"

Dada yake alimtazama, kisha akanitazama mimi. Niliuona ule woga alioachiwa na mama yao, ungali mzima machoni mwake. Mume wangu akautupa ubao, akaliinua beseni kwa hasira, amelibeba vibaya, upande upande, akageuka nalo kwa kasi. Udongo ukamwagika mlangoni.

"Polepole," nilimwambia. "Huyo ni mpwa wako."

Akageuka kwa dada yake, akitaka anicheke, aniite mwongo. Wifi alitikisa kichwa kukubali, mara moja. Mume wangu aliliweka beseni chini. Akapiga magoti pale mlangoni, akaanza kuuzoa ule udongo kwa mikono.