Samli kwenye Magurudumu

Semi, lori la kichwa na tela, ilifika Mabawe Jumamosi ikiwa imejaa vumbi la njia nzima kutoka Isaka. Jumatatu asubuhi, Philbert alipokwenda kuikagua, aliikuta inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Alizima pikipiki, akalizunguka gari, kisha akachutama mbele ya gurudumu na kunusa.

"Renatus," aliita. "Nani amelipaka gari hili samli?"

Renatus, dereva ambaye gari lilikuwa limeegeshwa uani kwake, alitoka ndani akifunga vifungo vya shati. "Kina mama wa jumuiya. Walikuja jana baada ya misa. Nilikuwa nimelala, naamka nakuta wameshamaliza."

"Na injini je?"

"Wameiosha. Kwa sabuni na maji ya moto."

Philbert alishika kiuno. Alikuwa fundi wa Mzee Laurian, tajiri wa Ngara mjini ambaye malori yake yalibeba mahindi ya wakimbizi kutoka Isaka hadi kambini Benako. Mzee alitaka kuinunua semi hii kwa mfanyabiashara mmoja wa Kahama, na alimtuma Philbert aipime, aseme inunuliwe au irudishwe. Ilikuja na shehena yake ya mahindi, kama alivyotaka Philbert, maana gari tupu humdanganya kila mtu. Lakini gari kuukuu husema ukweli kwa uchafu wake. Panapovuja oili, vumbi hushika na kuganda, na fundi akiliona doa anajua ugonjwa uko wapi. Hapa hapakuwa na doa. Kila nati, kila ringi, kila kitovu cha gurudumu kilimeta mafuta ya ng'ombe.

"Ni kama kuletewa mgonjwa aliyejipaka poda," alisema.

"Basi sema ni mzima, twende tukanywe chai."

Renatus alicheka, lakini hakuyaondoa macho usoni kwa Philbert. Lori lake la zamani lilipasuka injini huko Lusahunga, na Mzee Laurian hakumficha: semi ikinunuliwa, dereva ni yeye, isiponunuliwa, ashike jembe.

Speciose, jirani yao, alitokea kwenye kijia akiwa na mtoto mgongoni na tabasamu la mtu anayengoja kusifiwa. "Fundi, umeliona?"

"Nimeliona, Mama Iteka."

"Kwetu kitu cha heshima hakiingii kazini kikavu. Bibi harusi hupakwa, mtoto mchanga hupakwa. Lile lori lililonibeba mimi halikupakwa kitu, likafa. Hili nimesema halifi."

Philbert alikuwa na maneno makali mdomoni, akayameza. Mabawe yote ilijua habari ya mama huyu. Alivuka mpaka kwa miguu mwaka ule Burundi ilipowaka moto, mvua inanyesha, uchungu umeshamshika. Lori la Renatus, likirudi tupu, ndilo lililosimama. Alijifungua juu ya magunia matupu kabla hawajafika hospitali, na mtoto akamwita Iteka, yaani heshima. Ng'ombe hakuwa naye hata mmoja. Alilima mashamba ya watu ili apewe maziwa, akayatikisa mwenyewe kwenye kibuyu, na samli yote ameimalizia kwenye magurudumu.

"Asante, mama," Philbert alisema. "Limependeza." Kisha akamgeukia Renatus. "Washa. Tulipandishe mlima."

Walipanda hadi Ngara mjini na gari halikuhema. Gia ziliingia bila ugomvi, moshi ulikuwa mwembamba, usukani mwepesi. Renatus akaanza kupiga mluzi. Waliporudi, katikati ya mteremko, Philbert alimwambia akanyage breki, na kichwa cha semi kikavuta kidogo upande wa kulia.

"Barabara imelala upande," Renatus alisema.

"Kanyaga tena mbele kule."

Kikavuta tena.

"Barabara inalala kila mahali leo?"

Mluzi ulikoma. Walisimama, wakakagua mabomba ya upepo wa breki, wakatega sikio. Hakuna kilichovuja. Walirudi Mabawe, na mke wa Renatus akawawekea ndizi na maharage kivulini mwa tela.

"Lipitishe, bwana," Renatus alisema. "Magari yanayovuta namna hii nimeyaendesha miaka."

"Nikipitisha nisichokijua, nitakuwa nimekupeleka Rusumo kwa mkono wangu." Mteremko wa Rusumo unaishia mtoni, na hakuna dereva asiyeujua.

"Na usipolipitisha, umenipeleka shambani kwa mkono huo huo. Shukrani ya punda."

"Kufungua magurudumu yote na mzigo huu ni kazi ya siku mbili. Mwenye gari wa Kahama analitaka jioni. Nifungue lipi?"

Kabla Renatus hajajibu, Speciose alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Toka! Renatus, mbwa wako anakula shukrani yangu!"

Mbwa wa Renatus aliitwa Diwani kwa sababu hakukosa kwenye karamu ya mtu yeyote. Alikuwa ameshalamba magurudumu ya mbele na ya kulia, sasa alizunguka kushoto. Renatus akainua jiwe.

"Mwache," Philbert alisema.

Diwani alifika gurudumu la nyuma la kichwa, upande wa kushoto. Akalamba mara moja, akapiga chafya, akafuta pua kwenye majani, akaliruka na kwenda kwenye magurudumu ya tela, ambako aliendelea kula kwa raha.

Philbert aliweka sahani chini. "Mama Iteka, lile nalo ulilipaka samli hii hii?"

"Kibuyu kimoja, yote."

Alipangusa kitovu cha gurudumu kwa kidole na kunusa. Chini ya harufu ya maziwa kulikuwa na harufu kali ya oili ya difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma. Wakaleta jeki, wakafungua. Sili, mpira unaozuia oili isitoke, ilikuwa imechanika, na oili imelowesha shuu za breki mpaka zikameta kama zimekaangwa. Gurudumu hilo halikuwa na breki kabisa.

Renatus alilitazama, kisha akakaa chini. "Ningeshuka nalo Rusumo wiki ijayo."

"Ungeshuka nalo."

"Kwa hiyo linarudi."

"Linatengenezwa. Injini ni nzima, gia nzima, chesisi haina ufa. Mwenyewe akibadilisha sili na shuu mbele ya macho yangu, namwambia Mzee anunue. Na utaliendesha wewe."

Renatus alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Speciose alikuwa amesogea, uso umeanguka. "Kumbe mimi ndiye niliyeuficha ubaya."

"Ulificha," Philbert alisema. "Na samli yako ndiyo imeufichua."

"Basi nisipake tena?"

"Paka, mama. Ila ningoje nifike kwanza."

Mama huyo akacheka, mtoto akicheza mgongoni. Alikichukua kibuyu chake, akakikomba ndani kwa vidole, akachutama na kumnyooshea Diwani kiganja.