Gari Lililorudi Nyuma

Mama mmoja mtu mzima aliingia karakana ameshika usukani wa gari lililovutwa kwa kamba. Pikapu iliyomvuta ilitangulia polepole, naye nyuma, kitambaa kimekazwa kichwani, hakuondoa macho kwenye ile kamba. Hakuna aliyemtarajia. Kamba ilipofunguliwa alivuta breki ya mkono, akashuka, akatafuta jiwe na kuliweka nyuma ya gurudumu kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, umelileta kama mbuzi wa mnadani," alisema Msasa, mpiga rangi wa karakana, ambaye ulimi wake ulikwangua kuliko jina lake. "Hata kutembea halitaki?"

"Kutembea linatembea, baba. Kusimama ndiko lisikokujua."

Msasa akacheka peke yake. Spana, binti fundi aliyekuwa chini ya lori, alijivuta akatoka, akajifuta mikono. Gari alilijua. Lilikuwa mojawapo ya magari ya tajiri wa vifaa vya ujenzi, ambaye magari yake yote yalitibiwa hapo. Karakana ilikula na kulala kwa magari hayo. Hili lilikuwa limefungwa klachi mpya na Mjomba wake, mwenye karakana, si muda mrefu uliopita.

"Shikamoo, Mama. Mwenye karakana, mjomba wangu, amekwenda kutafuta vipuri. Lakini mimi nipo."

"Marahaba. Wewe ni fundi kweli, au unashika nafasi?"

"Ni fundi, Mama."

Yule mama akamtazama vidole, akaona oili iliyoingia kwenye kucha, akaridhika. Akaeleza. Mwanawe ndiye dereva wa gari hilo. Alikuwa anapanda barabara ya hospitali, foleni imeshikana, gari likikongoja nyuma ya mengine. Ghafla injini ikanguruma, gia ikajitoa yenyewe, gari likarudi nyuma kama lililoachiwa. Kabla hajafikia breki, lilikuwa limembana mchukuzi mmoja ukutani. Mguu wake umevunjika vibaya.

"Mwanangu anasema gia alikuwa ameweka. Tajiri anasema alikuwa anachezea simu akaitoa kwa goti. Kesho asubuhi anatuketisha ofisini kwake. Akiona ni uzembe, mwanangu anakwenda polisi. Nikamwomba gari nilipeleke kwa fundi. Akasema, lipeleke kwa fundi wangu, huyo hawezi kunidanganya."

Kisha akasema, "Sitaki umtetee. Kama ni yeye, sema ni yeye. Nataka uje kesho useme ulichokiona, kwa mdomo wako."

"Nitakuja, Mama."

"Vyovyote itakavyokuwa?"

"Vyovyote."

Aliitoa ahadi hiyo bila uzito, kwa kuwa aliamini kuwa gari halina kinyongo na mtu wala halina mpendwa. Ukiliuliza vizuri, litakujibu.

Gari lile lilikuwa la aina inayowachanganya hata wazoefu. Giaboksi yake ni ya mkono, ya kawaida kabisa, na klachi yake ipo. Lakini miguuni pa dereva hakuna pedali ya klachi. Kuna mota na pampu vinavyoikanyaga badala ya mguu, na kompyuta inayoviambia vikanyage lini na viachie lini. Likiumwa, fundi asiyelijua hukimbilia kushusha giaboksi nzima, kumbe ugonjwa uko kwenye waya mmoja.

Spana alianza na waya. Aliukagua ule wa hasi unaoshikana na giaboksi, akitumaini kukuta kutu. Ulikuwa safi, umekazwa. Akatazama oili ya pampu: imejaa. Akamwomba Mama akanyage breki huku Msasa amesimama nyuma, maana swichi ya breki ikifa, kompyuta huchanganyikiwa.

"Taa imewaka," Msasa akatangaza. "Imezima. Imewaka tena, kama macho ya mama mkwe."

Swichi ilikuwa nzima. Akatikisa plagi za mota, moja moja. Zimeshika. Kila kifaa alichokikuta kizima kilimvunja moyo, maana kilimsogeza karibu na klachi ya Mjomba.

Mwishowe akachomeka mashine ya kusomea kompyuta, akampandisha Mama kiti cha pembeni, wakaenda kwenye mlima ulio nyuma ya karakana, mahali pasipopita watu. Akalikongojesha gari kama lililo kwenye foleni, kidogo kidogo, mkono wake juu ya breki ya mkono. Harufu ya klachi inayoungua ikaingia ndani. Kisha injini ikanguruma, gia ikajitoa, gari likaanza kurudi nyuma.

Akavuta breki. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Ndivyo alivyosema."

Spana akatazama kioo cha mashine, na alichokiogopa kilikuwa hapo. Kompyuta ilikuwa inaitafuta klachi pale ilipokuwa ikishika ile ya zamani, iliyolika. Mpya ilishika mahali pengine kabisa. Basi ikawa inaishika nusu nusu, inaisugua, inaichemsha, mpaka ikajiogopa yenyewe na kuiachia.

Klachi mpya ikifungwa kwenye gari la namna ile, kazi haijaisha. Kompyuta lazima ifundishwe upya, gari limesimama na injini inawaka, hadi ijue mahali klachi mpya inaposhika. Bila hivyo, inaendelea kumkanyaga marehemu.

Akaikumbuka jioni ile Mjomba alipomaliza kulifunga. Alikuwa amemuuliza, "Mjomba, umelifundisha?" Mjomba akajifuta mikono, akasema, "Limefundishika." Kisha akafanya kama alivyofanya kwa kila gari: akaweka kiganja juu ya gia, akafumba macho, akasikiliza, akasema, "Nenda." Katika karakana ile, Mjomba akishasema nenda, hakuna anayelijaribu gari tena, na mkubwa haulizwi mara mbili. Kiganja kile hakikuwahi kukosea kwa gari lenye pedali tatu. Kiganja hicho hicho ndicho kilichomshika Spana mkono kumtoa makaburini, siku mama yake alipozikwa.

Alilifundisha gari palepale chini ya mlima. Giaboksi ikaguna, ikapumua, mota ikasukuma na kuachia yenyewe, kama mtu anayejaribu viatu vipya. Kisha wakapanda tena, kwa mwendo ule ule wa foleni, wakapanda na kushuka na kupanda, mpaka Mama akachoka kushika mlango akauachia. Gari halikurudi nyuma.

"Basi ni nani?" Mama akauliza.

"Si mwanao."

"Sijakuuliza asiyekuwa."

Spana akatazama usukani. "Klachi aliifunga mjomba wangu."

Mama akamgeukia. "Pole, mwanangu," akasema. Lakini hakumwambia asije.

Mjomba aliporudi alikuta gari limesimama langoni, Mama ameshaondoka. Akalizunguka bila kuligusa.

"Nani alikwambia uliguse?"

Spana akamweleza yote. Mjomba akasikiliza akichagua nati za gurudumu ndani ya kopo, ingawa hakuna gurudumu lililozihitaji.

"Hiyo mashine yako inaweza kusema lolote."

"Si mashine, Mjomba. Nimelipandisha mlimani, limerudi. Nimelifundisha, limepanda."

"Mlima ule ule?"

"Ule ule."

Mjomba akaliweka kopo chini. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu mwingine. "Siku ile mashine haikuwa na chaji. Nikasema nitalifundisha kesho. Kesho yake tajiri akalitaka mapema. Nikaweka mkono, nikalisikia zima."

"Najua, Mjomba."

"Sasa nisikilize. Sema ni swichi ya breki. Swichi hufa, haina kosa la mtu. Dereva anapona, na sisi tunapona. Yale magari mengine ya tajiri tutayakagua kimya kimya."

Uongo ule ulikuwa mzuri. Spana aliugeuza kichwani akitafuta unapopwaya, akakuta umekaa sawa kila upande, ila upande mmoja ambao Mjomba hakuutaja.

"Na mchukuzi?"

"Mchukuzi mguu wake hautaungwa na maneno yako. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

"Yeye hakujikwaa dole, Mjomba. Na mimi nimeahidi."

"Umemwahidi mtu usiyemjua hata jina. Mimi nimekulea."

"Umenilea. Ndiyo maana nimekwambia wewe kwanza."

Mjomba akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kama anamtazama mteja. Akaingia ndani akafunga mlango. Msasa, aliyekuwa anajifanya anakoroga rangi, akaendelea kuikoroga.

Asubuhi Spana alikuta lango limefungwa kwa mnyororo. Nje yake, juu ya pipa, lilikuwa sanduku lake la vifaa, na juu ya sanduku ovaroli yake imekunjwa vizuri, mikono imeingizwa ndani, kama Mjomba alivyomfundisha kukunja. Redio ya Mjomba ilisikika ndani.

"Kasema ukienda, uende na vitu vyako," Msasa alinong'ona kupitia upenyo wa lango. "Usipokwenda, nifungue. Nifungue, dada?"

Spana akasimama pale akisikiliza redio. Ilikuwa inasoma hali ya hewa. Akaivaa ovaroli mabegani, akaliinua sanduku. Lilikuwa zito, likawa linampiga gotini kila hatua hadi ofisi ya tajiri.

Alipofika aliwakuta wamekaa. Mama na mwanawe kwenye benchi moja, kijana kainama. Pembeni, kwenye kiti cha peke yake, alikaa mke wa mchukuzi, mkoba mapajani. Tajiri alikuwa anatabasamu.

"Umechelewa, binti. Mjomba wako ameshanipigia simu, amenieleza yote. Swichi ya breki. Nimemwambia basi, hayo ni ya Mungu, bahati mbaya haina mwenyewe wa kulipa. Dereva arudi kazini. Na wewe mama," akamgeukia mke wa mchukuzi, "tutakuombea."

Kijana akainua kichwa. Alikuwa ameanza kupumua kama mtu. Mke wa mchukuzi alitazama mkoba wake, akaufungua, akaufunga, haukuwa na kitu cha kutoa.

Kila mtu alikuwa amekwisha kuokolewa, ila mmoja. Mlango ulikuwa wazi nyuma ya Spana, na angeweza kusema asante akaondoka, na kabla jua halijawa kali lango lingekuwa limefunguliwa na chai ya Mjomba iko mezani.

Mama akageuka kwenye benchi. Mwanawe alimshika mkono, kumzuia, lakini alishasema.

"Ndivyo ulivyoona, fundi?"

Spana akaweka sanduku sakafuni taratibu, vifaa visilie.

"Hapana, Mama," akasema. "Swichi ni nzima. Nitawaambia nilichokiona."