Upepo wa Ta Protase

"Unaisujudia sabuni, Ma Edvina?"

Farida alikuwa dirishani, mswaki mdomoni. Chini yake, katikati ya migomba iliyozunguka nyumba waliyopanga huko Kibeta, Edvina alikuwa amepiga magoti nyuma ya boksi tupu la sabuni ya unga, shavu lake likikaribia kugusa udongo. Mbele ya boksi kulikuwa na limau bichi.

"Naitazamisha," Edvina akajibu bila kuinuka. "Inatakiwa ilione limau."

"Sabuni ilione limau."

"Ndiyo."

"Haya. Mimi jirani tu, sina neno."

Edvina akacheka, akalisogeza boksi kidogo upande wa kulia. Kwake boksi lile lilikuwa mashine. Mashine yenyewe ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la klabu ya gofu kule chini karibu na ziwa, na ilikuwa na umbo hilohilo la boksi la sabuni, ila upande mmoja ilikuwa na jicho la kioo. Mwanachama wa zamani aliyehamia Ulaya ndiye aliyeituma iwe zawadi. Ukiiweka chini ikautazama mpira, mtu akapiga, inakuambia mpira umeondoka kwa kasi gani, umepaa kiasi gani, umeelekea wapi na unazunguka vipi. Watu wa klabu waliiita kipimo.

Nathanieli, katibu wa klabu, aliipokea, akaisifu, akaifungia. "Ni kitu cha thamani," alisema. "Kitatolewa siku ya maonyesho." Edvina alipoomba ajifunzie, aliambiwa aandike barua. Aliiandika. Hakuna aliyemjibu.

Basi alijifunzia kwenye simu. Alitafuta video za walimu wa huko mbali, akazitazama kwa bando, na bando nalo siku hizi limepanda kama kila kitu. Video moja ilikatikia katikati ya maelezo, akakaa wiki nzima akijua jinsi mpira unavyopaa lakini hajui unavyozunguka. Alipopata bando jingine aliendelea palepale alipoachia, akarudia mara nyingi, akisimamisha kila neno la Kiingereza asilolielewa mpaka alielewe. Hakuwa mtu wa haraka. Hata gofu alijifunza hivyohivyo. Alikuja Bukoba akitokea Buganguzi akiwa msichana, akawa kedi, akawabebea watu mikoba ya fimbo na kuwatazama wakikosea, mpaka siku moja mtu akamuuliza, "Wewe unayetazama kila siku, mimi nakosea wapi?" Akamwambia. Tangu hapo akawa anafundisha.

Lakini jina lake klabuni liliendelea kuandikwa pamoja na vibarua wa kukata nyasi. Mwalimu wa klabu hupewa mkataba, na mkataba huja na kadi ya bima ya afya inayofika hadi kwa mzazi. Mama yake kule Buganguzi sasa alikwenda shambani akiegemea fimbo, na zahanati kila mara ilimrudisha na vidonge vilevile vya maumivu. Mwenyekiti Rwekaza alikuwa ametangaza mbele ya watu wote: "Atakayeweza kufundisha kwa kipimo hiki ndiye mwalimu wetu. Akikosekana hapa, tutamleta wa Mwanza." Siku ya kuonyesha ilikuwa leo.

Edvina akaliokota limau kutoka chini, akampa Farida dirishani. "Weka kwenye chai."

"Limeshaonekana vya kutosha," Farida akasema. "Nenda, mwalimu. Mungu akutangulie."

Alipofika klabuni alikuta wanachama wamekwishaanza kujaa. Viti vya plastiki vilipangwa nyuma ya sehemu ya kupigia, chai ilikuwa ikimiminwa, na jikoni walikuwa wakimenya ebitoke, ndizi za chakula cha mchana. Alikwenda stoo kuchukua mipira, akaiosha, akachagua ile isiyo na mikwaruzo. Aliporudi, Nathanieli alikuwa ameshaitoa mashine mwenyewe na kuiweka mahali pake. Na mahali pale palikuwa pamebadilika.

Ma Theopista, mfagizi wa klabu, alikuwa ametandika nyasi. Ni zile ndefu, laini, za kutandikia sakafu ya nyumba mgeni anapokuja, na alikuwa amezikata alfajiri na kuzibeba kichwani kutoka kwake. Alizitandaza nene, zimelala upande mmoja, kama kwa bibi harusi. Katikati yake ilikaa mashine kama kuku anayeatamia.

"Umeona?" Ma Theopista akamwambia Edvina kwa sauti ya chini, macho yakimng'aa. "Wageni wote hawa, na pale palikuwa patupu. Nikasema leo ni siku ya mwanangu, siwezi kupaacha hivyo."

"Kasinge, Ma," Edvina akasema, naye alishukuru kweli.

Akaiwasha mashine. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka mpira. Taa ilipaswa kugeuka kijani, maana yake nimeuona. Haikugeuka. Akaangalia chaji, ilikuwa imejaa. Akaangalia kishikwambi kilichounganishwa nayo, kilikuwa kimeunganishwa. Akabadilisha mpira. Nyekundu.

Viti vikaanza kulalamika. Mtu mmoja akasema mashine za siku hizi zote ni za Kichina. Mwingine akamwambia hata simu yake ni ya Kichina na inawaka.

"Labda haimkubali mtu asiye na cheti," Nathanieli akasema, na baadhi wakacheka.

Edvina akaizima mashine, akaiwasha tena. Alikuwa akifanya kila kitu kwa mpango uleule wa video, hatua baada ya hatua, na mpango ulikuwa umekwisha. Hapo akafanya alichozoea kufanya kwenye migomba: akapiga magoti nyuma ya mashine, akalaza shavu, akatazama kutoka pale inapotazama yenyewe. Hakuuona mpira. Aliona msitu wa nyasi.

Akainua kichwa. Ma Theopista alikuwa amesimama pembeni, mikono ameikunja kifuani, anatabasamu kwa fahari. Watu wote walikuwa wakisubiri waambiwe kosa ni la nani.

"Ma Theopista," Edvina akaita, "umetutandikia vizuri mno, mpaka mashine imejilaza. Njoo tuiamshe."

Watu wakacheka, na Ma Theopista akacheka kuliko wote. Wakainama wawili, wakazifunua nyasi kwa viganja, wakaacha kinjia kitupu kati ya jicho na mpira. Taa ikageuka kijani.

"Eee! Imeamka!" Viti vikapiga makofi.

"Nani ataanza?" Mwenyekiti Rwekaza akauliza, na kabla hajamaliza, Ta Protase alikuwa amesimama na fimbo yake.

Hakuna aliyeshangaa. Ta Protase alikuwa karani wa kahawa aliyestaafu, mzee wa kwanza kufika uwanjani na wa mwisho kuondoka, na kila mpira aliopiga ulianza vizuri kisha ukapinda kulia na kuishia kwenye matete ya ziwa. "Upepo wa ziwa," angesema. Nao wenzake wangeitikia kwa heshima, "Upepo kweli, waitu." Hata siku ambayo jani la mgomba halitikisiki, alisema upepo uko juu huko, hatuuoni. Edvina naye aliitikia miaka yote. Mzee huyu alimsindikiza baba yake Edvina kaburini. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba ziwa halina kosa?

Ta Protase akatafuna punje yake ya kahawa, akasimama, akapiga. Mpira ukapaa, ukafikiri kidogo, ukapinda ukaingia kwenye matete.

"Upepo," akasema.

"Upepo, waitu," vikaitikia viti.

Edvina alikuwa ameshika kishikwambi. Mstari ulikuwa umejichora pale, mwekundu, na chini yake namba. Alielewa kila namba. Alielewa pia kwamba akisema upepo, mashine hii haina kazi na yeye hana kazi nayo. Na akisema mikono, atakuwa amemwumbua mzee mbele ya kamati nzima.

"Inasemaje?" Mwenyekiti akauliza.

Edvina akamsogelea Ta Protase, akachuchumaa kidogo mbele yake kama anavyofanya mtoto wa nyumbani, kisha akasimama kando yake wote wawili wakitazama kioo.

"Tata, mashine hii ni ya kijinga kidogo," akasema. "Haitazami mbali. Inautazama mpira pale tu unapoondoka kwenye fimbo, umbali wa mkono wangu huu. Mambo ya juu huko haiyajui kabisa."

"Haijui upepo?"

"Haijui, waitu. Ila inasema palepale mpira unapoondoka, tayari umeshaanza kuzunguka kwenda kulia."

Ta Protase akaacha kutafuna. "Kabla upepo haujaugusa?"

"Kabla haujaugusa."

Mtu akashusha kikombe cha chai taratibu. Mzee akautazama ule mstari mwekundu, akayatazama matete, akaitazama mikono yake kama anakutana nayo kwa mara ya kwanza.

"Miaka yote hii," akasema, "nimelisingizia ziwa."

Kicheko kikatoka kwake mwenyewe, kikubwa, cha tumboni, na ndipo wengine wakapata ruhusa. Walicheka mpaka wa jikoni wakatoka kuona kuna nini.

"Haya, mwanangu," Ta Protase akasema akijifuta macho. "Mkono upi ndiye mwizi?"

"Wa kushoto. Tena ni wizi mdogo. Mundu wa kupogolea migomba unaushikaje, Tata?"

Mzee akamwonyesha. Mkono wa kushoto ukaja juu ya mpini, ngumi imegeuka vizuri.

"Basi shika fimbo hivyohivyo. Hapa umekuwa ukiishika kama kalamu ya ofisini."

Mpira wa kwanza ulikwenda kushoto, ukaenda kugonga pipa la maji. Wa pili haukupaa. Edvina alimwonyesha tu mstari kila baada ya pigo, naye mzee akawa anausoma mwenyewe, akinong'ona, "Bado… bado… umekaribia." Kisha akapiga mmoja ambao hata sauti yake ilikuwa tofauti. Ukapaa juu ya uwanja, ukanyooka, ukaendelea kunyooka, na ukashuka katikati ya majani mafupi mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuuona mpira wa Ta Protase.

Vigelegele vilitoka jikoni. Mzee akainua fimbo juu kwa mikono miwili, akacheza hatua mbili tatu za ngoma ya harusi, kofia ikamdondoka. "Mwiteni mke wangu!" akapiga kelele. "La, msimwite, hataamini! Nipe mwingine!"

Baada yake kila mwanachama alitaka kujua naye amelisingizia ziwa nini. Edvina akawafundisha mmoja mmoja, bila haraka, mpaka jua likaanza kulalia majini. Ndipo Mwenyekiti Rwekaza akasimama, akakohoa. Akasema klabu imefarijika sana. Akasema Edvina ameonyesha moyo. Na kuhusu nafasi ya mwalimu, suala litapelekwa kwenye kikao, kwa kuwa utaratibu unadai cheti.

"Cheti kinatolewa wapi, Mwenyekiti?" Edvina akauliza.

"Dar es Salaam. Kwa wanaotumwa na klabu zao."

"Na klabu yetu hutuma akina nani?"

Mwenyekiti akamtazama katibu. Nathanieli akatazama viatu vyake. "Walimu," akasema. "Wenye mkataba."

Mtu mmoja akacheka peke yake kisha akaacha.

"Rwekaza," Ta Protase akasema kutoka kwenye kiti chake, "mimi leo nimefundishwa. Kama mwalimu hayupo, nimefundishwa na nani?"

"Tata, ni utaratibu tu. Kikao kitaona."

Edvina alikuwa amewahi kulisikia neno hilo la utaratibu. Alimfikiria mama yake na ile fimbo ya kuegemea. Lakini mikono yake ilikuwa bado na furaha ya siku nzima ndani yake, na furaha hiyo ilikataa kwenda nyumbani. Mwenyekiti akaingia kwenye gari. Wanachama wakaanza kukusanya mikoba yao. Nathanieli akaja kuichukua mashine.

"Subiri kidogo, katibu," Edvina akasema. "Ma Theopista! Njoo upige."

Ma Theopista akageuka na ufagio mkononi. "Mimi?"

"Wafanyakazi hawagusi fimbo wakati wa somo," Nathanieli akasema haraka. "Ni kanuni. Somo ni la wanachama tu."

"Somo lipi?" Edvina akauliza kwa upole. "Mwalimu si hajapatikana? Basi hapa hakuna somo. Sisi tunacheza tu."

Nathanieli akaanza kupekua kitabu cha kanuni. Ta Protase alikuwa tayari amempa Ma Theopista fimbo yake mwenyewe.

Ma Theopista akavua kandambili, akafunga kanga kiunoni, akapiga hewa. Akapiga hewa tena. "Mpira umekimbia!" akalia, na wakata nyasi wakagaagaa kwa kicheko. Mara ya tatu fimbo ikaugusa, mpira ukaruka chini chini, ukaenda zake kama sungura.

"Imesema nini?" akauliza, akikimbilia kishikwambi.

"Imesema umeondoka umenyooka."

"Kuliko wa Ta Protase?"

"Kuliko."

"Nimesikia!" mzee akapiga kelele.

Wakata nyasi walikuwa wamejipanga. Mpishi alikuwa amejipanga, utomvu wa ndizi bado mikononi. Makedi walisukumana nyuma yao. Gari la mwenyekiti likapiga honi barabarani kumwita katibu, likapiga tena.

Edvina akaweka mpira mwingine chini, akaitazama taa mpaka ikawa kijani.

"Anayefuata," akasema.