Kalibu ya Bi Mkubwa

Mume wangu ana adabu hadi inaudhi. Nikimtengea chakula, "asante sana." Nikimfulia shati, "pole kwa kazi." Akitaka kuingia jikoni anapiga hodi, jikoni kwake mwenyewe! Mashoga zangu wanasema nimepata bahati ya mtende. Bahati gani? Anayeshukuriwa kila saa ni mgeni. Mimi nilitaka mume wa kunigombeza chai ikipoa.

Kitu kimoja tu kilimsahaulisha adabu: chambo. Yeye ni fundi friji, lakini siku za mapumziko roho yake iko ziwani, na chambo hanunui. Anatengeneza minyoo laini ya plastiki mwenyewe, pale mezani jikoni. Anayeyusha plastiki kwenye kisufuria chenye mdomo, madirisha wazi maana harufu yake inakaba koo, anatia rangi, kisha anamimina kwenye kalibu ya plasta iliyochongwa shimo lenye umbo la mnyoo. Ikipoa anabandua mnyoo unaonesanesa, anautikisa machoni pake na kutabasamu. Hapo hata ukimwita hasikii.

Kalibu yenyewe aliichonga marehemu mkewe, kwa msumari na kijiko. Mimi nilikuwa nikimwita bi mkubwa, kimoyomoyo. Sikumchukia, Mungu anione. Ila kila nikiona mume wangu anaifuta ile kalibu kwa kitambaa, nilikuwa naumia.

Basi akaenda kumtembelea binti yake, wiki nzima. Nikasema ngoja nimshangaze, arudi akute minyoo imejaa kopo. Nikaitoa kalibu. Ilikuwa na madoa ya rangi na masizi, na mimi uchafu siuwezi. Nikaisugua kwa sabuni na maji, nikaianika juani hadi ikawa nyeupe pe. Kumbe plasta ikikauka juu, ndani bado imekunywa maji. Nilipomimina ile plastiki ya moto, toba! Ikachemka, ikatoa mapovu, ikaruka hadi ukutani, na kalibu ikapasuka pa! Vipande viwili, na kingine kidogo chini ya meza.

Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Siyo kwa ajili ya plasta. Nilijua atakachosema akirudi: "Haidhuru, asante kwa kujaribu." Kisha atazidi kuwa na adabu, na mimi nitakuwa mgeni humu ndani mpaka nizikwe.

Lakini mimi si wa kukaa nikilia. Kwenye mkoba wake wa kuvulia nilikuta mnyoo mmoja mzima, haujawahi kutumika. Nikaubandika ndani ya kopo tupu la siagi, chini kabisa, nikapaka mafuta, nikamimina plasta mbichi juu yake. Ilipogeuka jiwe nikaitoa na kuigeuza, nikautoa mnyoo taratibu, na alama yake ikabaki, hadi ile mikunjo midogo ya mgongoni. Safari hii sikuwa na haraka. Niliiacha kalibu ikauke siku baada ya siku, nikiigusisha shavuni kila asubuhi kusikia kama bado ina ubaridi wa maji. Kisha nikamimina. Mnyoo ukatoka, pacha wa yule wa kwanza.

Aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Nikaweka vipande mezani, na kalibu mpya, na mnyoo.

"Nimeivunja," nikasema. "Niliiosha. Nimetengeneza nyingine. Kama una hasira, kasirika, lakini usiniambie asante, utaniua."

Akakaa. Akaushika mnyoo wangu, akaugeuza, akautazama mkia. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka!

"Umeuiga mpaka mkia," akasema.

"Mkia una nini?"

"Mbovu. Umepinda upande. Ukiuvuta majini unazunguka kama feni, na mshipi unajisokota wote. Samaki wanakimbia." Akajifuta macho. "Nikifika ziwani nilikuwa naukata kwa mkasi. Nikirudi namwambia marehemu kwamba mkia umeliwa na samaki. Naye anafurahi, anasema, unaona, mikia yangu inapendwa."

Nikacheka hadi nikashika ubavu. Masikini bi mkubwa!

"Kwa nini hukumwambia?"

Kicheko chake kikakatika. "Nilikuwa nangoja siku nzuri, nimwambie tucheke wote. Niliona siku zipo tele. Kisha akaugua, na kule hospitali ningemwambiaje mtu habari za mikia?" Akakishika kile kipande kidogo cha plasta. "Hakujua mpaka anaondoka."

Nikaenda nikamkumbatia kichwa kifuani pangu, na nikamlilia mwanamke nisiyewahi kumwona. Alikuwa amenyimwa kicheko kizuri hivyo, na kicheko kilikuwa chake.

Kisha mume wangu akavuta pumzi, akainua uso.

"Mke wangu."

"Abee."

"Maharage yako unayatia chumvi kama unahifadhi samaki. Tangu nikuoe nakunywa maji kama ngamia. Na usiku unakoroma."

"Koma wewe!" nikamwambia, machozi yananitiririka. "Mimi nakoroma?" Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake. "Haya, na nini kingine?"