Mawe ya Tangini

Jumamosi saa kumi alasiri, shemeji alikunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, akanawa kwa maji matupu bila sabuni kama marehemu kaka yake alivyokuwa akifanya, akauzamisha mkono ndani ya tangi la samaki la kioo pale sebuleni. Akalisogeza jiwe jeusi vidole viwili upande wa kushoto. Chumbani, mjane alikuwa amepiga magoti akitafuta sindano iliyomdondoka. Ukuta ukamgusa begani, taratibu, kama mtu anayeomba kupita. Alisogea, akaendelea kutafuta.

Ilikuwa mara ya tatu. Ya kwanza alidhani kabati limevimba kwa unyevu. Ya pili alimshuku mwashi aliyejenga nyumba, maana yule bwana hakuwa na pima maji wala haya. Lakini mjane ni fundi cherehani, jicho lake halikosei nusu inchi. Safari hii alichukua utepe wa kupimia nguo. Chumba kilichokuwa na futi kumi na mbili sasa kilikuwa na kumi na moja kasoro. Upande wa pili wa ukuta, chumba cha wageni, alimoacha shemeji begi lake "kwa siku mbili tatu tu", kilikuwa kimenenepa kiasi hicho hicho.

Samaki wenyewe ni ukoo mmoja na sato, ila wa pambo: bluu, manjano, wengine wa milia, na wote wagomvi. Kila mmoja ana jiwe lake, na anayekatiza mbele ya jiwe la mwenzake hurudi na pezi lililochanika. Mumewe alifuga kumi na wanne. Wakiwa wachache, alikuwa akisema, wanamwandama mmoja mpaka afe. Wakiwa wengi, ubaya unagawanyika. Mjane hakuwahi kutia hata kidole. Siku ukoo ulipokaa kugawa vitu vya marehemu, na baba mkubwa akauliza samaki ni wa nani, alijibu kwa moyo mweupe: "Apewe shemeji. Mimi nina nyumba na cherehani yangu, Mungu amenitosheleza."

Watu wazima saba walisikia. Shemeji alishukuru mpaka machozi yakamlenga. Ila tangi hakulibeba. Zito, alisema, litapasuka njiani. Atakuwa anakuja kuwahudumia hapa hapa.

Mjane akahesabu: ukuta husogea Jumamosi tu, saa ya shemeji kuhudumia samaki. Basi akaanza kukaa sebuleni kila Jumamosi, anakunja pindo ambalo lilikwisha kunjwa, jicho moja kwenye uzi, la pili kwenye mkono wa shemeji.

"Mbona jiwe lile hulipi raha, shemeji?"

"Samaki wakizoea sana, shemeji, wanajiona wenye mji. Lazima uwavuruge kidogo."

"Na mimi niliyezoea?"

"Wewe nawe kwa utani." Akacheka, akafutia mkono kwenye pazia.

Jumatano, baada ya kusali, mjane alizima taa ya tangi akatia mkono. Yule samaki mkubwa wa bluu waliyemwita Mwenyekiti akamng'ata kidole cha kati. Alilirudisha jiwe kidole kimoja, na kule chumbani ukuta ukarudi nyuma hadi mlango wa kabati ukafunguka tena.

Jumamosi shemeji alichungulia tangi kwa muda mrefu.

"Nani kagusa mawe?"

"Labda wao wenyewe. Si huwa wanachimba mchanga?"

"Wanachimba. Ila hawafungi plasta kidoleni."

Ndipo mjane alipokwenda kwa baba mkubwa. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Nyumba hufuata mawe, mwanangu, hilo halina ubishi. Na mawe hufuata samaki. Samaki ukawatoa kwa kinywa chako."

"Sikujua, baba."

"Niliyekuuliza ni mimi. Ungesema hujui, ningekungoja."

"Basi nataka warudi."

"Kilichotolewa mbele ya watu saba hakirudishwi na neno la mmoja."

Jumamosi iliyofuata shemeji alikuja na mkewe, na samaki mgeni ndani ya mfuko wa maji. Mgeni akitiwa, kanuni ya wafugaji ni kutoa mawe yote na kuyapanga upya, ili pasiwe na mwenye kwake. Aliyatoa moja moja akayaweka juu ya gazeti. Nyumba ikakaa saa nzima bila vyumba: kitanda, jiko, nguo za wateja, vyote uwanja mmoja. Mke wa shemeji akapata nafasi ya kufagia vizuri. Mjane alisimama katikati, ameikumbatia cherehani, akaangalia gazeti.

"Samaki sasa ni kumi na watano. Mawe ni kumi na manne."

"Yanatosha," alisema shemeji. "Mmoja atakaa juu, kwenye kona ya chujio la maji. Hakuna tangi lisilo na wa hivyo."

Kufikia magharibi kuta zilikuwa zimesimama, zimenyooka kuliko alivyozijenga mwashi. Kitanda cha mjane na cherehani yake vilikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, kati ya mita ya maji na ukuta. Wateja walimfuata huko, wakasema afadhali, mwanga ni mzuri. Mlango wa nyuma haukupangwa tena. Akihitaji pasi, huzunguka nyumba nzima hadi mbele, huvua viatu, na kupiga hodi.

"Karibu, shemeji," huitika sauti kutoka ndani. "Usione haya. Hapa ni kwako."