Hatua za Wakubwa

Chuo kile kilipoamua kuwapenda wafanyakazi wake, kiliwapenda kwa mabango. La kwanza lilitundikwa mlangoni pa jengo la utawala: AFYA YAKO NI MTAJI WETU. La pili likawekwa chooni, juu ya bomba lisilotoa maji, likimhimiza kila mtu anywe glasi nane kwa siku. Kikaundwa pia Kitengo cha Ustawi, kikapewa chumba chenye zulia, maua ya plastiki na mkuu wake, mwanamke wa sauti laini ambaye, ukimpelekea shida yoyote ile, alikuambia kwanza uvute pumzi. Watu wakamwita Bi Pumua, na mwenyewe akadhani wanamsifu.

Katika jengo hilo la ghorofa nne, lisilo na lifti, alikuwapo tarishi aliyeitwa Mama Faili. Kwa miaka kumi na tisa alipandisha majalada juu na kuyashusha chini, maana wakubwa wa pale walikuwa na kompyuta mezani lakini hawakuamini jambo mpaka wameshika karatasi yake. Sasa goti lake la kulia lilikuwa limegoma. Daktari wa zahanati hakumficha: mwaka mmoja zaidi wa ngazi, na atatembea kwa magongo. Chumba cha barua, pale chini, kilikuwa na nafasi wazi, kazi ya kukaa na kupanga bahasha, naye alishajaza fomu ya kuomba uhamisho. Fomu ilikuwa mezani kwa Mkuu wa Utumishi, ghorofa ya nne. Nafasi yenyewe ingejazwa mwisho wa mwezi.

Mwezi huohuo ndio Bi Pumua alioutangaza kuwa Mwezi wa Kutembea, wenye vikombe vya ushindi kwa watakaotembea zaidi. Zililetwa bangili nyeusi za kuhesabu hatua, zile za ghali, zinazotuma hesabu kwenye mfumo papo hapo. Zilikuwa za wenye vyeo tu. Tarishi na wafagiaji waliambiwa wao watanufaika na hamasa. Wakubwa wakazivaa kwa mbwembwe, wakapigwa picha, wakarudi vitini.

Siku ya tatu Mkuu wa Utumishi alimwita Mama Faili. Alikuwa mtu wa tumbo na tai fupi, asiyeinuka hata kufunga dirisha lililo nyuma yake.

"Mama, hiki kidude kinanibana mkono," akasema. "Hebu nishikie siku mbili tatu. Kivae tu, kisije kikapotea."

Mama Faili hakuwa mjinga. Alijua anachoombwa, na alijua fomu yake iko chini ya kiwiko cha nani. Akaivaa. Wakubwa wengine nao wakanusa habari. Mhasibu mkuu akaleta yake, msajili akaleta yake, na kufika mwisho wa wiki tarishi yule alikuwa na bangili saba, nne kushoto na tatu kulia, amezifunika kwa mikono mirefu ya sweta katikati ya joto. Wasomi wazima, wenye shahada za kujaza ukuta, wameshindwa kutembea hadi chooni bila msaidizi!

Jioni binti yake, fundi cherehani, alimkanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto. Alipoziona bangili, mkono ukasimama.

"Mama, hizi ni za nani?"

"Za wakubwa."

"Yaani wanakupanda mgongoni na wewe unawashikia hatamu?"

"Nikishapata chumba cha barua, nitawarudishia."

"Hawakupi, mama. Nani atatembea badala yao?"

Mama Faili akamwambia akande goti, asikande roho yake. Lakini usingizi haukuja upesi, kwa sababu binti alikuwa amesema kweli.

Zikiwa zimebaki siku nne mwezi uishe, alipiga moyo konde akaenda kuulizia fomu. Mkuu wa Utumishi aliitoa, akaikuta ina alama ya kikombe cha chai, akaifuta kwa kidole.

"Tatizo ni ushahidi, mama. Siku hizi uhamisho wa kiafya unafuata takwimu. Nimetafuta jina lako kwenye mfumo wa Ustawi, halimo. Kwa mujibu wa mfumo, mwezi huu hujatembea hata hatua moja."

Alisema hivyo macho yakiwa kwenye sweta la Mama Faili, pale mkononi lilipotuna, wala hakupepesa. Kisha akampa majalada manne ya kupeleka chini.

"Na ukishuka pitia ngazi za nyuma," akaongeza. "Ni ndefu kidogo."

Mama Faili akaenda moja kwa moja kwa Bi Pumua. Akaambiwa avute pumzi, akavuta. Akaambiwa aitoe, akaitoa. Halafu akapewa kijikaratasi kiitwacho *Lipende Goti Lako* na kuonyeshwa chati ukutani.

"Waige hawa saba," Bi Pumua alisema, uso ukimmeremeta. "Ona, hatua zao zinakaribia kulingana, saa zilezile, ngazi zilezile! Wanatembea pamoja kila siku. Umoja ulioje!"

Mama Faili alimtazama mwanamke yule, aliyesomea afya kwa miaka mingapi sijui, akiamini kwamba mhasibu mkuu na msajili, watu wasiosalimiana, huongozana ngazini mara thelathini kwa siku. Alimdharau kwa moyo wake wote, akaondoka.

Siku ya zawadi ukumbi wa ghorofa ya chini ulijaa. Saba wale walikaa mstari wa mbele, mikono ya makoti imeshushwa hadi vidoleni. Walikuwa wamepanga kuchukua bangili zao kabla sherehe haijaanza saa nane, lakini Bi Pumua alikuwa amemtuma Mama Faili stoo, ghorofa ya tatu, akalete sanduku la vikombe. Ukutani palikuwa na skrini kubwa yenye majina saba na hesabu za hatua. Mkuu wa Chuo mwenyewe alikuwa ameketi jukwaani.

"Mabingwa wetu hawa hapa!" Bi Pumua alitangaza. "Na mnaona hesabu zao moja kwa moja!"

Waliona kweli. Saba wametulia vitini kama mizigo, na hesabu zao zinapanda. Moja. Nyingine. Nyingine. Zote saba kwa pamoja, polepole, kwa mwendo wa mtu anayeshuka ngazi na sanduku zito. Zikasimama. Zikaendelea. Mtu wa nyuma akakohoa, mwingine akafinya mdomo. Mlango ukafunguliwa, Mama Faili akaingia akichechemea, na kila alipokanyaga, wakubwa saba waliongezewa hatua.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Mama Faili aliinua macho kwenye skrini, akaelewa. Alikuwa katikati ya ukumbi. Akaliweka sanduku sakafuni, akavuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa. Hesabu zikaganda. Halafu, bila haraka, akakunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko.

"Mama, nini hiki?" Mkuu wa Chuo aliuliza.

"Ni wakubwa hawa, mheshimiwa. Nimewabeba mwezi mzima." "Goti limekufa. Nimeomba chumba cha barua, nimeambiwa sina hatua."

"Nani kasema?"

Watu wote wakamgeukia Mkuu wa Utumishi.

"Fomu iko wapi?"

"Ofisini kwangu, mheshimiwa. Kesho asubuhi na mapema..."

"Sasa hivi."

Akatoka. Viatu vyake vilisikika vikipanda ghorofa ya kwanza, ya pili, vikatua, vikaendelea kwa kujikokota. Hakuna aliyeondoka. Watu mia mbili walikaa wakiitazama skrini, ambapo mtu yule, akipanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe, hakuhesabiwa hata hatua moja. Bi Pumua alianza kueleza kwamba huenda mtandao una hitilafu.

Mkuu wa Utumishi alirudi shati limelowa, pumzi zinamtoka kwa mluzi. Meza haikuwapo. Akaiweka fomu juu ya sanduku la vikombe, na ili aifikie ikabidi apige magoti mbele ya kiti cha tarishi. Akatia saini.

"Tarehe," Mama Faili akamwambia.

Akaandika tarehe. Mama Faili akaichukua fomu, akaisoma mstari kwa mstari hadi mwisho, na muda wote huo Mkuu wa Utumishi alibaki palepale chini, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Hatimaye mkubwa yule akamnyooshea tarishi mkono ili amwinue.

"Jinyanyue, baba," Mama Faili alisema, akiikunja fomu. "Mimi nimekaa."